Kamati ya Timu ⚽ (siasa na matangazo hapana)

*Jumatano*

[06:48] Seif Katibu: Assalaam alaykum ndugu zangu wa mtaa. Hili nalisema mara ya mwisho. Tumeshuka daraja, tukanyamaza. Sasa mechi nne pointi moja, tunanyamaza tena? Dirisha la usajili linafungwa Jumatatu. Nshazungumza na kocha mmoja wa Dar, ana leseni, anataka laki tano kwa mwezi na chumba. Washambuliaji wawili nao nshawaona. Kila nyumba elfu ishirini, mwisho Ijumaa baada ya sala. Naomba majibu

[06:49] Seif Katibu: Majibu ya maneno. Sitaki 👍

[08:30] Hemedi: 👍

[08:31] Seif Katibu: Hemedi!!

[09:20] Seif Katibu: Kikundi kina watu 147. Waliosoma 61. Aliejibu mmoja, tena kwa kidole

[09:44] Bi Zuwena Jezi: Waalaykum salaam. Jezi za Jumapili zishakauka zamani ziko kwangu, nani anakuja kuzichukua? Na ile pesa yangu ya sabuni ya tangu Mfunguo Mosi imeishia wapi

[09:46] Seif Katibu: Bi Zuwena hilo tutalizungumza, tumalize kwanza la kocha

[10:02] Mussa Fundi: Kwani kocha tulienae kakosa nini? Jana saa kumi na mbili asubuhi nimemkuta kiwanjani peke yake anapiga chokaa mistari. Ndoo kaja kuazima kwangu. Kamba ya kunyooshea mstari kafunga kwenye tofali, upande huu anashika mwenyewe, upande ule hana mtu. Nikamshikia mie

[10:05] Seif Katibu: Na ndio tatizo lenyewe hilo. Kazi ya kocha si chokaa. Mwenye leseni hapigi chokaa

[10:06] Mussa Fundi: Basi nani atapiga?

[10:31] Timbe: Wallahi timu hii ishakuwa Manchester United 😂😂

[10:32] Chogo: We Timbe si ndie mwenye United yako? Unajicheka mwenyewe

[10:33] Timbe: Ndo nnajua uchungu wake yakhe

[10:35] Seif Katibu: Msianze ya Ulaya hapa. Elfu ishirini, Ijumaa

[12:50] Maalim Khatib: Salaam. Nilikuwa darasani. Seif niwie radhi, ya Ulaya mie nitaianza, maana Timbe kasema kweli bila kukusudia.

Kocha Ferguson kaondoka United 2013, kaacha ubingwa wake wa 13 wa ligi. Akaja Moyes, kapewa mkataba wa miaka sita, kakaa miezi kumi. Akaja Van Gaal, kachukua Kombe la FA 2016, siku mbili baadae nje. Mourinho. Solskjaer. Rangnick wa kushikilia. Ten Hag. Amorim. Kila mmoja kaingia na mpira wake kichwani na orodha yake mfukoni, na aliemfata karithi wachezaji wasiomfaa. Mchezaji kanunuliwa acheze pembeni, kocha mpya mfumo wake hauna mtu wa pembeni. Sasa tuhesabu sisi, tangu 2021 tumepitisha makocha wangapi?

[12:52] Chogo: Sita

[12:52] Timbe: Saba na yule wa wiki mbili

[12:53] Chogo: Yule alikuwa mgeni wa Seif wa harusi, si kocha

[12:53] Timbe: 😂😂😂 lakini filimbi alipuliza

[12:58] Seif Katibu: Maalim nakuheshimu. Lakini United wana mapesa, sisi hata nyavu hatuna. Mfano haufanani

[13:10] Maalim Khatib: Mapesa ndio mfano wenyewe. Pogba aliwatoka 2012 kama bure, 2016 wakamrudisha kwa pauni milioni 89, rekodi ya dunia wakati ule, 2022 akatoka bure tena. Maguire milioni 80. Di María karibu milioni 60, msimu mmoja, kwaheri Paris. Sánchez mechi 45 magoli matano. Antony zaidi ya milioni 80, na Betis wamemchukua kwa chini ya theluthi ya bei aliyonunuliwa. Na msimu wa 2024/25 wamemaliza nafasi ya 15, pointi 42. Hawakuwahi kuwa chini vile tangu waliposhuka daraja 1974

[13:11] Chogo: Ongeza sauti Maalim, Timbe hasikii

[13:12] Timbe: Nimezima data

[13:20] Seif Katibu: Sasa si unanisaidia Maalim? Hata Ferguson alikuwa mgeni. Alitolewa Aberdeen. Na mie naleta mgeni

[13:31] Maalim Khatib: Alikuja Novemba 1986. Kombe lake la kwanza 1990. Miaka mitatu na nusu mkono mtupu, na waliomleta hawakumgusa. Wewe kocha wa chokaa umempa mechi nne

[13:40] Maalim Khatib: Na hili la dirisha linafungwa Jumatatu. Kiangazi cha 2013 United walikuwa wanamtaka Fellaini. Mkataba wake ulikuwa na bei ya kumtoa, milioni 23 na nusu, mwisho tarehe 31 Julai. Wakazubaa mpaka ikapita. Siku ya mwisho wa dirisha wakatoa milioni 27 na nusu kwa mtu yule yule. Moyes kakosa wote aliowataka, kaondoka na huyo tu. Ukinunua huku unatazama saa, muuzaji anaiona saa yako

[13:44] Hemedi: 👍

[13:47] Mussa Fundi: Na wenye timu je? Makocha wanabadilishwa, wanaowaleta mbona hawabadilishwi

[13:55] Maalim Khatib: Fundi umegusa. Akina Glazer wameichukua United 2005, tena kwa mkopo, na deni wakaitwika timu yenyewe. Kabla ya hapo haidaiwi. Makocha wamekuja wamekwenda, wao wapo. 2024 tajiri Ratcliffe kanunua robo na kidogo ya timu, akashika mambo ya mpira. Julai ile ile Ten Hag kaongezewa mkataba, kanunuliwa wachezaji, Oktoba kafukuzwa. Analipwa anaeondoka, analipwa anaekuja, na Sporting, timu aliyokuwa nayo Amorim, nao wanalipwa wamuachie. Halafu wanapunguza wafanyakazi mamia, eti hela hakuna

[14:02] Bi Zuwena Jezi: Hao wafanyakazi ndio wafua jezi hao

[14:10] Chogo: Leeds ya Uingereza pia jamani. Leeds walikopa milioni 60 kwa viingilio ambavyo havijakusanywa, wakijua Ligi ya Mabingwa watacheza kila mwaka. 2001 nusu fainali, 2004 wameshuka, 2007 daraja la tatu. Uwanja wameuza. Na ofisini kwa mwenyekiti kulikuwa na samaki wa KUKODI

[14:11] Timbe: Samaki wa kukodi????

[14:11] Chogo: Wa mapambo. Ndani ya kioo. Wanalipiwa

[14:13] Timbe: Wangekuja dikoni Malindi tungewapa changu fungu zima 😂

[14:14] Mussa Fundi: Changu wa kukodi unamla halafu unamrudisha vipi

[14:14] Timbe: Unarudisha miba

[14:16] Chogo: 😂😂😂😂

[14:30] Seif Katibu: Hili ni jambo la mtaa mzima na nyie mnazungumza changu. Mpaka sasa waliotoa: mimi, Hemedi kaahidi

[14:31] Hemedi: Sijaahidi

[14:31] Seif Katibu: Dole lako lile nini?

[14:33] Hemedi: Nimesoma

[15:50] Mussa Fundi: Seif, hao washambuliaji wawili wanataka nini? Kama yule wa Vespa?

[15:52] Seif Katibu: Fundi. Tulikubaliana hilo halizungumzwi humu

[15:53] Timbe: Astaghfirullah kaifungua

[15:58] Seif Katibu: *Ujumbe huu umefutwa*

[16:20] Omar Vuga: Mie huwa siandiki humu. Vespa ile ilikuwa ya baba yangu, Allah amrehemu. Aliiazima timu kwa siku tatu ili mshambuliaji afike mazoezini. Siku tatu. Magoli tuliyafunga mawili, moja la penalti, na Vespa ikapanda boti. Baba kakaa kibarazani mwaka mzima, kila ikipita Vespa anainua kichwa. Basi

[16:21] Omar Vuga: Sikuandika ili nilipwe

[16:58] Bi Zuwena Jezi: Allah amrehemu. Alikuwa akinipa lifti mpaka Darajani na furushi la jezi

[17:40] Seif Katibu: Omar ndugu yangu mie nilidanganywa kama nyie. Nia ilikuwa njema. Timu inataka goli, nikaleta mfunga magoli. Kaa wewe kwenye kiti hiki uone. Tukifungwa mnanitukana, nikileta mtu mnanitukana

[17:42] Maalim Khatib: Hakuna aliekutukana Seif

[17:43] Chogo: Bado

[20:05] Babu Kombo: Assalaam alaykum. Huyu Rayyan mjukuu, babu kasema niandike kama anavyosema yeye nisiongeze

[20:05] Maalim Khatib: Waalaykum salaam. Shikamoo babu

[20:06] Seif Katibu: Shikamoo babu 🙏

[20:06] Mussa Fundi: Shikamoo mzee wetu

[20:12] Babu Kombo: Marahaba. Seif mwanangu. Nilipokukabidhi timu nilikupa daftari la kijani, mipira tisa na ufunguo wa chumba cha vifaa. Deni hapakuwa na hata senti. Umeleta makocha, mie nimewahesabu, nakaa dirishani nawaona wanapita na mabegi. Sikusikia hata siku moja umeleta mpira. Jana nimemtuma Rayyan ahesabu. Mipira mitatu, mmoja umetiwa kiraka cha tairi ya baskeli

[20:13] Babu Kombo: Miwili imetiwa kiraka. Babu kanirekebisha

[20:17] Babu Kombo: Kijana wa chokaa hafukuzwi. Mkimfukuza na mie mnitoe kwenye kikundi hiki. Na Ijumaa nataka daftari. Mchango baadae

[20:18] Babu Kombo: Kasema basi. Anakunywa uji

[21:04] Seif Katibu: Sawa babu. Nimesikia

[21:05] Seif Katibu: Daftari lipo. Kurasa nyengine ziliingia maji masika yale

[21:06] Timbe: 👀

[21:15] Seif Katibu: Basi kocha tumuache mpaka tuone Jumapili. Lakini wale washambuliaji wawili jamani, dirisha linafungwa Jumatatu

[21:15] Chogo: FELLAINI HUYO 😂

[21:17] Mussa Fundi: Ijumaa mie nna harusi Fuoni, sitokuwepo

[21:19] Hemedi: Mie zamu bandarini

[21:20] Maalim Khatib: Basi Jumamosi baada ya Laasiri, kibarazani kwa babu. Alie na daftari alete

[21:22] Seif Katibu: Jumamosi nna safari ya Mkoani. Tutaona

*Alkhamisi*

[00:52] Nassor Maskati: Salaam wana mtaa, nimetoka kazini sasa hivi. Nimesoma kuanzia chini. Mbona sifahamu? Mie laki mbili nshazituma tangu jana mchana kwa Seif. Alinipigia, akaniambia la kocha mpya limepita na babu karidhia

[05:40] Maalim Khatib: Karidhia lini?

[06:15] Mussa Fundi: Seif?

[06:58] Timbe: Kasoma. Nimeona

[07:30] Seif Katibu: Nassor nilikwambia babu *ataridhia*, simu yako ilikuwa inakatika. Pesa zipo salama. Katika hizo naweza kuchukua mipira mitano Darajani leo leo, mkitaka. Ila kocha wa Dar nshampa neno, na kwenye boti ya mchana yumo. Nauli kajilipia mwenyewe. Nimwambie nini?

[07:31] Chogo: Subhanallah

[07:33] Omar Vuga: Atafikia wapi?

[07:34] Seif Katibu: Ndio nauliza. Nani ana chumba, siku mbili tu

[07:50] Nassor Maskati: Jamani nunueni mipira. Mengine sijui

[08:02] Maalim Khatib: Asiseme mtu kitu kwa babu mpaka tuonane

[08:04] Babu Kombo: Huyu Rayyan. Babu nshamsomea

[08:20] Bi Zuwena Jezi: Katika laki mbili hizo elfu kumi na nane zangu. Na wingu hilo limefunga, jezi nimezirudisha ndani, zimejaa mpaka kitandani. Nani anakuja?

[08:41] Hemedi: 👍

[08:42] Bi Zuwena Jezi: Hemedi unakuja au umesoma?