Aliyetupa picha ya msichana kwenye grupu: polisi au mzee wa mtaa?

Mama Neema: Hapa Kaptembwo, Nakuru, kijana wa miaka 16 amechukua uso wa msichana wa darasa lao, akaubandika kwenye mwili wa mtu aliye uchi, akatupa kwenye grupu la WhatsApp la wanafunzi. Msichana hajakanyaga shule tangu Jumatatu. Familia zinataka kuyamaliza kwa mzee wa mtaa. Mimi nasema polisi. Mwasemaje?

Kanyagio: Polisi kwa utoto? Aombe msamaha, basi. Na huyo msichana, simu ya nini Kidato cha Tatu?

Mama Neema: Umesoma kweli? Uso ulitolewa kwenye picha ya darasa. Simu yake inaingiaje?

Baba Wawili: Eti simu ya nini! Mwalimu wa mtoto wangu anatuma kazi kwenye grupu saa mbili usiku, saiba za intaneti zishafungwa. Nimchoree kwa mkaa?

Kanyagio: Mpe kabambe, simu ya vitufe.

Baba Wawili: Kabambe inafungua PDF?

Wakili wa Kijiweni: Sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018, kifungu cha 27: faini hadi shilingi milioni 20 au miaka 10 ndani. Au vyote viwili.

Kanyagio: Si hiyo korti iliitupa?

Wakili wa Kijiweni: Kilichotupwa 2016 ni kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano. Usichanganye mafaili. Na Sheria ya Watoto ya 2022 inaanza kumhesabia mtoto kosa akifika miaka 12, kwa hivyo huyu wenu hana pa kujificha. Ila atashughulikiwa kama mtoto, na kesi inaweza kuchepushwa, yaani itatuliwe kwa njia nyingine kabla ya korti. Kwenda polisi si lazima kuishie jela.

Kanyagio: Wakili wa kijiweni, leseni iko wapi?

Wakili wa Kijiweni: Iko na digrii yako.

Nyar Dunga: Poleni, nasoma nikiwa Kisumu. Mama Neema, msizungushe hiyo picha tena, hata mkisema ni ushahidi. Simu iliyoipokea ipelekwe kituoni ikiwa nayo, namba ya aliyetuma ionekane. Msichana apigiwe 116, laini ya msaada kwa watoto, ni bure, kuna mtu wa kuongea naye. Ameshakula leo?

Mama Neema: Uji kidogo. Asante dada. Mamake anaogopa kwamba wakienda kituoni mtaa mzima utajua.

Kanyagio: Mtaa ushajua.

Baba Wawili: Kanyagio, mtoto wako ana simu gani?

Kanyagio: Ya mamake.

Baba Wawili: Haya! Sasa tuongee.