Lumbarda, kisiwa cha Korčula: njia ya gari kutoka Split, na ufukwe wa watoto

Mwambao77
Wadau, Agosti tunakwenda Lumbarda, kile kijiji cha ncha ya mashariki ya Korčula, Kroatia. Watoto wawili, hawajui kuogelea. Gari tunakodi Split. Pasi za Tanzania, viza ya Schengen ya kuingia mara moja. Ramani yangu inapitisha barabara ya pwani ndani ya Bosnia, kuna neno? Na ufukwe upi una mchanga kweli, si kokoto?

Nahodha_Mstaafu
Mkuu, Neum, ule mji wa pwani wa Bosnia, usiipite kabisa. Kroatia imo Schengen tangu Januari 2023, Bosnia haimo. Ukivuka mpaka pale, viza yako imeshatumika, kurudi hupati. Shika barabara kuu ya A1 hadi kutokea Ploče, kisha daraja la Pelješac, lililofunguliwa Julai 2022 kwa sababu hiyohiyo ya kukwepa Neum. Barabara kuu inalipiwa, daraja bure. Endelea hadi Orebić, panda feri ya magari ya kwenda Dominče, bandari ya Korčula, kama robo saa tu majini. Agosti foleni ni ndefu, wahini asubuhi. Mkishuka Dominče msiingie mji wa Korčula, Lumbarda iko upande wa pili.

BintiSeyyida
Kaka, mchanga uko Pržina, upande wa kusini. Maji mafupi mbali kabisa, watoto wanacheza bila presha. Kasoro yake ni jugo, upepo wa kusini-mashariki: unaleta mawimbi na takataka moja kwa moja ufukweni. Siku hiyo hamieni Bilin Žal, upande wa kaskazini. Bura, upepo wa kaskazini-mashariki, ikivuma, geuzeni: rudini Pržina. Bamvua msiiwaze, kujaa na kupwa kule hakufiki nusu mita. Kwenye miamba vaeni viatu vya maji, kuna wale viumbe wa baharini wa miiba myeusi.

Njiani kwenda Pržina mtapita mizabibu ya Grk, aina ya zabibu ya mvinyo. Ua lake ni jike tupu, ndiyo maana wanapanda aina nyingine, Plavac mali, kandokando ili ipate chavua.

Mwambao77
Shukrani sana. Jugo nitaijuaje mapema?

Nahodha_Mstaafu
Haiji ghafla. Hewa inakuwa nzito na yenye unyevu, mawingu yanatanda, bahari inapanda polepole siku moja au mbili. Ya kuogopa ni bura: inashuka milimani kwa vishindo, mara nyingi mbingu ikiwa safi bila wingu. Boya la watoto lifungwe kamba, maana upande wa kaskazini upepo wa mchana ukibadilika kuwa wa nchi kavu linakwenda zake.