Ukaguzi wa moto majumbani: tuite Zimamoto, tumlete muuzaji wa mitungi au tukague wenyewe?

Mkaazi wa Michenzani
Assalaam alaykum. Jumba letu halijakaguliwa siku nyingi. Kuna wanaotaka tuwaite Kikosi cha Zimamoto na Uokozi, wengine tuchange tumlete muuzaji wa mitungi ya kuzimia moto, wengine wanasema tukague wenyewe. Majumba haya yamejengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964. Kuta ni zege, lakini leo ndani mna friza, eyakondisheni na mitungi ya gesi. Lipi bora?

Fundi umeme, Kwahani
Zimamoto. Wao wataangalia na njia ya gari lao kufika, jambo ambalo muuzaji halimhusu. Muuzaji ataanza kuhesabu mitungi mliyopungukiwa. Ila waya za ndani ziangaliwe na fundi mwenye leseni. Napita nyumba za watu, nakuta ekstensheni moja imebeba friza, birika la umeme na pasi, na breka, ile swichi ya kukata umeme ukizidi, imebadilishwa ikawekwa kubwa ili isikatike. Breka hiyo haimlindi mtu tena. Waya utaungua kabla haijakata.

Bi mkubwa wa ghorofa ya nne
Wanangu, anzeni na ngazi. Chini pana vespa zenye petroli, katikati matangi ya maji na makochi mabovu, na usiku kila mlango una geti na kufuli. Moshi unapanda ngazini, ndio unaoua watu kabla ya moto. Miye na magoti haya nitapita wapi?

Mzanzibari, London
Bi mkubwa kasema kweli. Grenfell Tower, jumba la ghorofa la hapa London, iliungua tarehe 14 Juni 2017, watu 72 wakafa. Ghorofa 24, ngazi moja tu. Moto ulianzia kwenye friji ya ghorofa ya nne, ukashika mabamba yaliyobandikwa nje ya kuta. Jengo lile lilikuwa likikaguliwa! Lakini baadhi ya milango ya nyumba haikujifunga yenyewe, moshi ukajaa nje ya milango, na watu waliambiwa wabaki ndani karibu saa mbili nzima. Cheti cha ukaguzi peke yake hakimwokoi mtu.

Fundi umeme, Kwahani
Mtungi wa kuzimia moto mkiununua, wa unga mkavu unafaa kwa umeme na petroli. Mshale wa geji yake uwe kwenye kijani, pini na sili ziwepo. Mafuta ya kukaangia yakiwaka msimwagie maji. Zima jiko, funika sufuria.

Mkaazi wa Michenzani
Ahsanteni. Zimamoto tutawaandikia kupitia kwa sheha, waje kila mwaka. Ngazi, funguo za mageti na mitungi tutakagua wenyewe kila mwezi. Lakini vespa zikitolewa ngazini zitaibiwa, wenyewe hawatakubali.

Bi mkubwa wa ghorofa ya nne
Chuma cha kufungia minyororo kichimbiwe uani, na mlinzi achangiwe. Mimi natoa changu mwanzo.