Kwa nini kisu hakikumpata Mulder? Swali kuhusu Clyde Bruckman wa The X-Files

Mkesha wa Dodoma anauliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mdogo wangu yuko nyumbani kwa likizo, na kwa kuwa hakuwa amewahi kutazama tamthilia yoyote iliyotengenezwa kabla hajazaliwa, juzi usiku nilimkalisha nikamwonyesha sehemu ya nne ya msimu wa tatu wa The X-Files, ile iitwayo "Clyde Bruckman's Final Repose", ambayo ilirushwa kwa mara ya kwanza huko Marekani tarehe 13 Oktoba 1995. Mimi nimeitazama labda mara sita na nilidhani nimeimaliza. Yeye ameitazama mara moja tu, akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu, ndiyo maana nalileta kwenu. Ambao hamjaiona mnisamehe, kwa kuwa nitafichua hadi mwisho.

Katika mji wa St. Paul, Minnesota, kuna mtu anayewaua wapiga ramli mmoja baada ya mwingine: msoma viganja, msoma majani ya chai na wenzao, na maiti nyingine zinakutwa zimeng'olewa macho. Mulder na Scully, wapelelezi wa FBI ambao ndio wahusika wakuu wa tamthilia, wanaitwa kusaidia polisi. Katika upelelezi huo wanakutana na Clyde Bruckman, wakala wa bima ya maisha, mzee mchovu anayeishi peke yake, ambaye ana kipawa kimoja tu na angefurahi kama angenyang'anywa: akimtazama mtu, anajua jinsi atakavyokufa. Anawaelekeza wapelelezi mahali maiti zilipo, na hakosei. Baadaye anamweleza Mulder kwamba atakuwa akimfukuza muuaji, ataingia jikoni, atakanyaga pai, na wakati anautazama mguu wake muuaji atatokea nyuma yake na kumkata koo. Katika kusimulia, mzee anahangaika zaidi kukumbuka ilikuwa pai ya aina gani kuliko kisu chenyewe, jambo ambalo hunichekesha kila mara.

Mwishoni jiko lipo, pai ipo, na muuaji, ambaye kumbe ni mbeba mizigo wa hoteli waliyomfichia Bruckman, yupo na kisu chake. Lakini Mulder anageuka, wanakabana, na kabla kisu hakijashuka Scully anatokea na kumpiga muuaji risasi. Muuaji anakufa akilalamika kwamba sivyo ilivyotakiwa kuwa. Mdogo wangu akauliza: ikiwa kila alichokiona mzee huyu kilitimia, mbona hiki peke yake hakikutimia? Je, mwandishi alijichanganya, au mimi ndiye nimekuwa nikitazama vibaya miaka yote hii?

Mchambuzi wa Vidokezo anajibu:

Ndugu Mkesha, naona swali la mdogo wako linasimama juu ya dhana moja isiyo sahihi, kwamba Bruckman huona matukio. Ukifuatilia kwa makini utagundua kwamba huona picha, na picha hizo ni za kweli daima, ila maana yake hupotea njiani. Kumbuka anapowaambia wapelelezi kwamba maiti iko ziwani, karibu na askari mmoja mnene, mfupi, mweupe, wa jeshi la Nazi. Kila mtu anadhani mzee amechanganyikiwa, hadi wanapofika na Mulder anaona lile tangi jeupe la gesi ambalo kwa umbo lake na maandishi yaliyobandikwa ubavuni linafanana kabisa na askari huyo. Hakusema uongo hata kidogo. Kipawa chake kilimpa umbo la kitu bila kumpa jina lake.

Jambo hilohilo linatokea anapomwambia Scully kwamba mwisho wao watakuwa kitandani pamoja, amemshika mkono kwa upole, na chozi linatiririka. Scully anadhani mzee anamtongoza, anampuuza kistaarabu. Ukifika mwisho unaikuta picha ileile bila kupungua: Bruckman amekatisha maisha yake mwenyewe kitandani kwake, Scully ameketi kando yake, ameushika mkono wake. Kila kitu kimetimia, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na maana tuliyoidhania.

Sasa rudi jikoni. Pai ilikanyagwa, muuaji alikuwa nyuma, kisu kilikuwa juu. Picha imetimia hadi hapo. Kilichoongezeka ni kwamba Mulder alikuwa ameshaambiwa, na alipohisi kitu laini chini ya kiatu alijua wakati huo ni upi, akageuka. Kwa mtazamo wangu ubashiri wenyewe ndio uliomwokoa, maana asingeambiwa angeendelea kuutazama mguu wake.

Wakala Mstaafu, Mwanza, anajibu:

Nimeshawishika kuandika kwa sababu niliuza bima ya maisha kwa miaka kumi na moja, na sijawahi kuona kazi ile ikionyeshwa kwa usahihi kama ilivyoonyeshwa na Peter Boyle, aliyemwigiza Bruckman katika sehemu hii. Wote tunamtazama Bruckman kama mtabiri. Mimi namtazama kama mtu wa mauzo aliyeshindwa, na nadhani jibu la swali liko huko.

Kuna tukio fupi ambalo wengi hulipita haraka. Bruckman yuko na mteja kijana anayesitasita kusaini. Mzee anachoka kubembeleza, anamwambia waziwazi kwamba baada ya miaka miwili, akiwa njiani kurudi kwa mkewe na binti yao mchanga, atagongwa uso kwa uso na mlevi anayeendesha Mustang ya buluu ya mwaka 1987, kisha anamweleza mwili wake utakavyoonekana baada ya kuburuzwa barabarani. Hiyo ni taarifa sahihi kuliko zote ambazo wakala yeyote amewahi kumpa mteja tangu bima ianze duniani. Mteja anafanya nini? Anamshauri arekebishe namna yake ya kufunga mauzo, basi.

Ndugu zangu, nimekaa sebuleni kwa watu nikiwa na fomu mkononi, na naweza kuwaambia kwamba ndivyo ilivyo. Mzee mmoja, mfanyabiashara wa samaki mwenye uwezo mzuri tu, alijaza ukurasa wa kwanza wote kwa mwandiko nadhifu, akafika kwenye nafasi ya mnufaika, akaiweka kalamu juu ya kitambaa cha meza kana kwamba imemchoma. Akasema, "Mwanangu, nikiliandika jina la mke wangu hapa, si nitakuwa nimekiita?" Hakukitaja alichomaanisha. Nilinyamaza, mkewe akaja kutuongezea chai, na fomu ile niliondoka nayo ikiwa na nafasi hiyo tupu. Wengine walinijibu kwa msemo ule wa kwamba ajali haina kinga, nami nikabaki sina la kujibu, maana kinga ndiyo niliyokuwa nimeibeba kwenye mkoba.

Kwa hiyo mimi nasema Mulder aliokoka kwa sababu alikuwa mteja wa kwanza aliyemsikiliza yule mzee hadi mwisho. Wengine wote walidhani anawachuria.

Mpenda Filamu za Kale anajibu:

Nakubaliana na Wakala Mstaafu, ila naomba niongeze marekebisho moja ambayo naona yana uzito katika mjadala huu. Bruckman anaeleza kwamba kipawa chake kilianza mwaka 1959, baada ya ndege kuanguka na kuwaua wanamuziki Buddy Holly, Ritchie Valens na The Big Bopper. Alikuwa na tiketi ya kumwona The Big Bopper. Aliposikia kwamba mwanamuziki huyo alipata kiti katika ndege ile kwa kurusha sarafu, hakuweza tena kuacha kuwaza ni mambo mangapi madogo yanayolazimika kupangana ili mtu mmoja afe siku fulani, hadi siku moja akaanza kuyaona yenyewe.

Historia haisemi hivyo. Aliyepata kiti kwa kurusha sarafu alikuwa Ritchie Valens, dhidi ya mpiga gitaa Tommy Allsup. The Big Bopper, ambaye jina lake halisi lilikuwa J. P. Richardson, alikuwa na mafua makali, na Waylon Jennings akamwachia kiti chake kwa hiari. Ndege ilianguka usiku wa kuamkia tarehe 3 Februari 1959 karibu na Clear Lake, Iowa, na rubani pia alifariki. Walikuwa wakielekea kwenye onyesho la Moorhead, ambako ni Minnesota, jimbo la Bruckman mwenyewe, na walikodi ndege kwa sababu basi lao la ziara lilikuwa baridi kupita kiasi katikati ya majira ya baridi.

Siwezi kujua kama Darin Morgan, aliyeandika sehemu hii, alikosea au alifanya kusudi. Lakini hebu tulifikirie: mtu aliyejenga maisha yake yote juu ya tukio moja la bahati nasibu, kumbe tukio hilo lilimhusu mtu mwingine. Ikiwa msingi wenyewe uliingia kosa, sishangai jengo nalo kupata ufa pale jikoni.

Nitapita haraka kwenye majina. Clyde Bruckman halisi alikuwepo, akaandika na kuongoza filamu pamoja na mchekeshaji Buster Keaton katika enzi za filamu zisizo na sauti, ikiwemo ile maarufu ya treni ya mwaka 1926, na alijiua mwaka 1955. Wale askari wawili wa upelelezi wanaoshughulikia kesi hiyo, Havez na Cline, wamepewa majina ya watu wa kundi hilohilo. Hata jina la hoteli, Le Damfino, linatokana na jina la mashua katika filamu moja ya Keaton. Sehemu hii ilishinda tuzo mbili za Emmy mwaka 1996, moja ya Morgan kwa uandishi na nyingine ya Boyle kama mwigizaji mgeni, na kwa mara hiyo moja naona waamuzi walikuwa macho.

Bibi wa Tanga anajibu:

Wajukuu zangu, marahaba kwa wote. Nimewasoma, na ninyi nyote mmeandika vizuri, ila mmemsahau yule Yappi.

Kabla Bruckman hajaonekana, polisi wanamleta mtabiri wa kwenye televisheni, anajiita Yappi Mkuu, mwenye nyusi za kutisha na maneno mengi. Anamfukuza hata Mulder chumbani kwa madai kwamba shaka zake zinamharibia mawasiliano, na huyo ndiye Mulder ambaye huamini kila kitu. Akishaondoka, askari anawatangazia wenzake kwamba wanamtafuta mwanamume mzungu, mwenye umri kati ya miaka 17 na 34, mwenye ndevu au asiye na ndevu, na huenda ana chale mwilini. Nilicheka nikakumbuka matangazo ya waganga yanayobandikwa kwenye nguzo za umeme hapa mjini, ambayo hutibu mapenzi, kesi na nguvu za kiume kwa namba moja ya simu.

Yappi anauza yajayo na anapata riziki. Bruckman anayajua yajayo na hana mnunuzi. Muuaji naye, ambaye mmemtaja kwa haraka sana, hataki kujua yajayo hata kidogo. Anawaendea wapiga ramli wote wale ili wamwambie kwa nini anafanya anayoyafanya. Hatimaye anamuuliza Bruckman, na mzee anamjibu kwa upole kama daktari anayesoma cheti: ni kwa sababu wewe ni mwendawazimu muuaji. Yule kijana anaridhika! Mambo yote yanamwingia akilini ghafla.

Mimi nimelelewa na watu walioamini kwamba kadari imeandikwa na kwamba kupiga ramli ni kujitia katika lisilokuhusu, kwa hiyo sioni kwamba kuna kilichobadilika jikoni. Siku ya Mulder ilikuwa haijafika. Muuaji, ambaye naye alikuwa na maono yake, alikuwa ameona kipande akadhani ameusoma ukurasa mzima, ndiyo maana akafa akishangaa. Na msisahau Scully alifikaje: Mulder anamuuliza alijuaje, naye anajibu kwamba hakujua, alipanda lifti ya watumishi kwa makosa. Mchambuzi, mwanangu, Mulder kugeuka kulimpa nafasi ya kupigana, ila bila lile kosa la lifti angekatwa palepale na onyo lake kichwani.

Mkesha wa Dodoma anaandika tena:

Shikamoo Bibi, na ahsanteni nyote. Nimemsomea mdogo wangu majibu yenu. Hoja ya lifti imemshinda, ile ya tangi la gesi imempendeza zaidi, na kisa cha mzee wa samaki amekisoma mara mbili kimya kimya.

Bado tunabishana juu ya jambo moja. Scully alipomuuliza Bruckman yeye atakufaje, mzee alimjibu, "Hufi." Mimi nimelichukulia daima kama neno la huruma la mtu aliyechoka kuwapa watu habari mbaya. Mdogo wangu ameshika kwamba mzee hakuwahi kumdanganya mtu yeyote kwa ajili ya huruma, na kwamba yule mteja wa Mustang ni ushahidi tosha. Sikuwa na la kumjibu, hasa nikikumbuka kwamba katika sehemu moja ya mwaka 2016 Scully mwenyewe analitania jambo hilo, akijiita asiyekufa.

Usiku ule tulipomaliza alikuwa amekwisha kumpenda yule mbwa mdogo ambaye Bruckman alimwachia Scully, anayeonekana kando yake kwenye kochi kabla hajalirushia simu tangazo la Yappi kwenye televisheni. Aliniuliza kama mbwa huyo ataonekana tena. Nilimjibu kwamba ataonekana, na kwamba atapewa jina, Queequeg. Sasa anataka tutazame msimu wa tatu wote kwa mpangilio. Jana tumefika sehemu ya kumi, na kila Scully anapoingia nyumbani kwake anamtafuta mbwa kwa macho. Sijamwambia kilichoandikwa katika sehemu ya 22.