Kampala msimu wa mvua na mama na watoto: twende wapi, tule nini, jioni iweje?

Mgeni wa Arua
Habari zenu wakuu. Wiki ya mwisho ya Novemba naja Kampala na mama yangu (miaka 68, magoti yanamsumbua) na watoto wawili, wa miaka 7 na 11. Tutalala Old Kampala, siku nne. Najua ni mvua tu. Naomba mnielekeze: mahali gani panafaa hata kukinyesha, chakula gani tusikikose, na burudani gani ya jioni ambayo mama na watoto watakaa nayo bila shida. Gari hatuna, tutategemea taksi (matatu) na special hire, yaani gari la kukodi na dereva wake. Entebbe je, kwenda na kurudi siku moja inawezekana?

Dereva wa Ntinda
Karibu sana dada. Ushauri wangu wa kwanza: panga siku kwa kuangalia vilima na mabonde. Mvua ya Novemba mara nyingi inamwagika kwa nguvu saa moja au mbili, kisha jua linarudi. Kinachoharibu siku ni maji yanayobaki chini. Mfereji wa Nakivubo ndio unaopokea maji ya katikati ya mji, na ukishazibwa na chupa za plastiki na udongo wa barabara za murram unafurika. Hapo Clock Tower panafunga. Bwaise na Ndeeba nako, kwenye mifereji mingine, maji yanaingia mpaka madukani. Siku ya mvua usijaribu kuvuka mji kati ya saa kumi na moja jioni na saa mbili usiku. Ama uwe umeshafika unakokwenda, ama ukae ulipo ule kwanza.

Kwa kuwa mnalala Old Kampala, msikiti mkuu wa taifa, ule watu wanaouita wa Gaddafi, uko karibu nanyi. Nendeni asubuhi, msiende Ijumaa mchana wala saa za swala. Wanawake hupewa nguo za kujifunika palepale, na kuna mwongozaji. Mnara una ngazi zaidi ya 300 za kuzunguka, kwa hiyo mama abaki chini, ndani ya ukumbi, atazame zulia na vioo vya rangi. Watoto ndio wapande na wewe. Juu mnaona mji wote ulivyokaa: Namirembe, Rubaga, Mengo, na chini kabisa maegesho ya taksi yaliyojaa magari meupe. Pandeni kabla mawingu hayajajaa, maana ukungu ukishashuka hakuna cha kuona.

Mvua ikianza, kimbilieni Uganda Museum, Kira Road. Ni makumbusho ya tangu 1908, na jengo la sasa ni la 1954. Chumba cha ala za muziki ndicho watoto watakachokipenda: ngoma, zeze, filimbi, pembe, kutoka pande zote za nchi. Nyumba za asili za makabila mbalimbali zimejengwa nje, nyuma ya jengo, kwa hiyo anzeni na hizo kukiwa kukavu, ndani baadaye.

Mwana wa Kasubi
Nyongeza. Msiache makaburi ya Kasubi, hayako mbali na mnakolala. Makabaka (wafalme wa Buganda) wanne wamezikwa pale: Muteesa wa Kwanza, Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Edward Muteesa wa Pili. UNESCO waliyaweka kwenye urithi wa dunia 2001, nyumba kuu ikaungua Machi 2010, na 2023 yaliondolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini baada ya ujenzi mpya. Piga simu kwanza uulize kama nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, inapokea wageni siku hiyo. Wewe na mama vaeni gauni au sketi ndefu, au chukueni leso. Viatu vinabaki nje, na ndani watu hukaa chini kwenye mikeka. Kwa magoti ya mama, mwambie mwongozaji mapema ili asilazimike kuinama na kuinuka mara nyingi. Waonyeshe watoto dari: kuna duara 52 za kuzunguka paa, moja kwa kila ukoo wa Buganda.

Jiko la Wandegeya
Mimi niachieni chakula. Mmekuja mwezi wenyewe wa nsenene, wale panzi wa kuliwa! Zikianguka usiku, asubuhi mnazikuta Nakasero, Wandegeya na kwenye maegesho ya taksi, zikipimwa kwa kikombe. Nunua zilizokwisha kuchambuliwa mabawa na miguu, lakini zinuse kwanza. Nzuri ina rangi inayong'aa, kijani au kahawia, na harufu yake ni ya majani. Ikiwa imeanza kuwa nyeusi na inatoa harufu kali ya mkojo, hiyo imelala kwenye gunia la moto. Achana nayo hata kwa bei ya bure.

Kupika: zisuuze kwa maji baridi yenye chumvi, zichuje, zitie kwenye sufuria kavu BILA mafuta, moto wa wastani. Zitatoa maji, yakauke, kisha zitatoa mafuta yake zenyewe. Hapo ndipo unaongeza kitunguu na pilipili mbichi, unakoroga mpaka ziwe za dhahabu na zilie zikigongana. Kama dakika 20. Wanaoharibu ni wale wanaotia mafuta mwanzoni au kujaza sufuria pomoni: zinachemka badala ya kukauka, zinatoka laini kama ugali wa jana. Mtoto mwenye aleji ya kamba au kaa asipewe.

Luwombo ni chakula cha mchana. Nyama au kuku na mchuzi wa karanga hufungwa kwenye jani la mgomba lililopitishwa motoni, kisha hupikwa kwa mvuke saa mbili hadi tatu. Ukifika saa mbili usiku, unapewa kilichobaki na kupashwa moto. Fika saa saba, na kifunguliwe mezani mbele yako.

Rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, usile iliyopangwa ndani ya boksi la kioo. Simama karibu na sigiri, mwambie akupigie mayai mawili na kabichi na kitunguu, nyanya iwekwe mwishoni ikiwa mbichi. Nyanya ikipikwa ndani ya yai inatoa maji na chapati inalegea.

Mgeni wa Arua
Asanteni mno. Mama amecheka kusikia nsenene, anazitaka. Jioni sasa?

Dereva wa Ntinda
Jumapili nendeni kituo cha utamaduni cha Ndere, Ntinda. Ni ngoma za karibu nchi nzima jioni moja: bakisimba ya Baganda, larakaraka ya Waacholi, na agwara ya kwenu West Nile, zile pembe ndefu mama atazitambua kabla hata hazijatangazwa. Chakula kipo palepale. Ukumbi ni wa wazi na baada ya mvua baridi inapanda, kwa hiyo sweta kwa kila mmoja na shuka la mama. Fikeni saa moja kabla ya kuanza mpate viti vya karibu, na kubalianeni na dereva wa special hire awasubiri, maana usiku wa mvua kupata gari la kurudi ni kazi. Boda na watoto kwenye lami yenye maji, hapana.

Siku nyingine kaeni karibu na mnakolala. Arua Park si mbali, Kiswahili kinaenda vizuri, na angara, samaki wakavu wa West Nile, mtaipata kama ya nyumbani.

Mwana wa Kasubi
Entebbe inawezekana, ni kama kilomita 40, lakini ondokeni saa kumi na mbili asubuhi. Hapa nasema wazi: na mama mwenye magoti, achana na mtumbwi wa kinamasi cha Mabamba na boti ya kisiwa cha sokwe cha Ngamba. Ziwa Victoria lina dhoruba za alfajiri na boti huahirishwa. Nendeni kwenye kituo cha wanyama cha Entebbe. Simba wapo, sokwe wapo, na hata korongo nyangumi, yule ndege mkubwa ambaye watu humfuata Mabamba, yupo. Bustani ya mimea, iliyoanzishwa 1898, iko jirani, lakini njia zake ni za udongo: ikiwa imenyesha usiku, mama akae upande wa lango.

Taksi zinapita barabara ya zamani ya Kajjansi. Special hire mkitaka ipite Expressway, ushuru ni shilingi 5,000 kila upande kwa gari dogo. Semeni kabla ya kuondoka nani analipa. Na mrudi kabla ya saa tisa, la sivyo foleni ya jioni itawakuta njiani na watoto wana njaa.