Mume wangu anachomea dhahabu jikoni na mimi ni mjamzito

Mama Kulwa, Nyarugusu
Habari zenu. Jioni mume wangu akitoka mwaloni, wanakosafishia dhahabu, anakuja na donge lake la dhahabu na zebaki, ameshalikamua kwenye kitambaa. Analiweka kwenye kifuniko cha kopo na kulichoma kwenye jiko la mkaa ninalopikia, zebaki iondoke kama mvuke ibaki dhahabu. Anasema akichomea nje watu wataona amepata kiasi gani. Mimba yangu ina miezi sita, na mapacha wanalala chumba cha pili. Yeye mwenyewe siku hizi akishika kikombe chai inamwagika, usiku halali, hasira zimezidi. Nikifungua dirisha inatosha? Na maziwa yanasaidia kweli? Kule machimboni wote wanakunywa.

Mchimbaji Mstaafu
Mwanangu, dirisha halitoshi na maziwa hayaondoi zebaki. Mvuke wake huuoni wala hauna harufu. Ukipoa unarudi kuwa vitone kwenye bati, ukutani, kwenye shuka za watoto. Tafuteni ritoti, chombo cha chuma chenye kifuniko cha kukaza na bomba linalopozwa kwa maji. Zebaki inarudi karibu yote, anaitumia tena. Mwambie hivyo, kwamba ni hela yake inayopaa.

Tabibu wa Kliniki
Mama, hili usilicheleweshe. Mvuke ukivutwa, kama asilimia 80 hubaki mwilini, huenda kwenye ubongo na figo, na huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto tumboni. Kutetemeka, kukosa usingizi na hasira ni dalili zake. Nendeni wote wawili hospitali, mseme waziwazi kwamba nyumbani kunachomwa zebaki, maana wengi hawaulizi. Kipimo ni cha mkojo. Jiko hilo usilipikie tena. Sakafu ipanguse kwa kitambaa kibichi, usifagie kavu. Nguo za mumeo zifuliwe kando na zenu.

Mama Kulwa
Nimemsomea yote. La mtoto limemnyamazisha, la hela ndilo limemfanya aulize: fundi wa kuchomelea anaweza kuitengeneza hiyo ritoti?

Mchimbaji Mstaafu
Anaweza, kwa mabomba ya chuma. Mara ya kwanza aichome tupu, nje, maana mabomba ya maji yana zinki na moshi wake ni mbaya. Na mdomo wa bomba usizame ndani ya maji: chombo kikipoa kitayavuta, na chuma cha moto kikikutana na maji kinalipuka. Hata akiwa nayo, achomee nje, mbali na wewe.