Tupeane uzoefu: mijakaranda inapochanua Arusha na Moshi

Mtoto wa Sakina: Wakuu, leo nimepita Uzunguni nikapigwa na butwaa. Vuli imekawia, jua bado kali, na mijakaranda haijaangusha maua. Majani yalishapukutika kiangazi, mti mzima ni zambarau. Mwenye kumbukumbu na miti hii aimwage hapa.

Mpare wa Mjini: Shanty Town ya Moshi ni hivyohivyo. Sichoki kuitazama.

Nipo Ontario: Umenikumbusha nyumbani mpaka machozi. Huku Kanada sasa ni zamu ya majani. Ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera yao unageuka mwekundu: ukijani unavunjika, sukari iliyonasa ndani ya jani inatengeneza rangi. Mchana wa jua na usiku wa baridi ndio huikoleza. Mwaka huu joto limeng'ang'ania, rangi zimechelewa. Yanapendeza, nakubali, ila hayaifikii Uzunguni ya Oktoba.

Bibi Kahawa: Mnasifia mti uliotoka Amerika Kusini! Mringaringa wetu una maua meupe, unaipa kahawa kivuli, unatoa na mbao. Mbona wenyewe hausifiwi?

Mtoto wa Sakina: Usifie wewe bibi, tunakusikiliza.

Mama Njiro: Mimi nimejifungulia chini ya miti hiyo. Uchungu ulinishika alfajiri, mvua ya kwanza imenyesha usiku, maua yametapakaa lami yote. Bajaji ilipofika kwenye mteremko dereva akakanyaga breki, tukateleza mpaka mtaroni. Hatukupinduka, ila mtoto hakusubiri. Akina mama waliokuwa wanawahisha ndizi sokoni walitua mizigo, wakanizungushia kanga, mmoja akampokea mwanangu. Sikupata hata kumuuliza jina. Maua yakichanua tu, namwombea yule mama.

Bibi Kahawa: Mungu ni mwema. Mtoto anaendeleaje mwanangu?

Mama Njiro: Mzima bibi, yuko darasa la tatu.

Boda wa Kijenge: Mmesikia? Maua yakilowa usiguse kabisa breki ya mbele.

Fundi Majengo: Usipotoshe watu. Punguza mwendo mapema, bana zote mbili taratibu.

Boda wa Kijenge: Mkuu, ile barabara naipita kila siku!

Mpare wa Mjini: Shukeni mtembee kwa miguu, mtayaona vizuri zaidi.

Nipo Ontario: Nakuja Desemba. Nitayakuta?

Mtoto wa Sakina: Mvua ikikolea hayadumu. Ila Desemba mikrismasi inakuwa imewaka nyekundu. Njoo.